Nani Hukata Shauri? Maumivu ya Kudumu na Lugha ya Tiba katika Kiswahili cha Likasi

Wataalamu waliokichunguza Kiswahili cha Katanga wamekifuata kiwandani, kanisani, jukwaani na katika nyumba za Wazungu walimotumika maboi. Edgar Polomé alikieleza Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968. Walter Schicho alishughulikia sintaksia yake mwaka 1982. Johannes Fabian aliandika juu ya lugha ya wafuasi wa Jamaa mwaka 1971, na juu ya lugha hiyo chini ya utawala wa Wabelgiji mwaka 1986. Vincent de Rooij naye, mwaka 1996, alionyesha jinsi Kiswahili na Kifaransa vinavyofumwa pamoja katika mazungumzo ya watu wa Shaba, kama jimbo lilivyoitwa wakati huo. Chumba cha daktari, ambamo lugha hiyo hiyo husikika kila asubuhi, hakikupewa nafasi kubwa katika kazi hizo.

Makala haya yanakichunguza chumba hicho kwa upande mmoja tu, nao ni namna mgonjwa mwenye maumivu yasiyokwisha, daktari wake na watu wa nyumbani kwake wanavyofikia uamuzi juu ya tiba, na namna lugha inavyowasaidia au kuwazuia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kielelezo cha uamuzi wa pamoja, kinachofundishwa siku hizi katika vyuo vingi vya udaktari, kimehesabu watu wawili na lugha moja. Likasi watu ni watatu au zaidi, na lugha ni mbili kwa uchache. Aidha, Kiswahili kina jina lake la zamani kwa kazi hiyo, yaani shauri. Nalo neno hilo hilo laweza kugeuka kuwa la kumtelekeza mgonjwa.

Mji na hospitali yake

Likasi iliitwa Jadotville hadi mwaka 1966. Ni mji wa shaba, wenye wilaya nne za mjini: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Wapenzi wa muziki wanaukumbuka kwa sababu ndipo Hugh Tracey alipomrekodi Mwenda Jean Bosco mwaka 1952. Wanahistoria wa vita wanaukumbuka kwa sababu ya Shinkolobwe, machimbo yaliyo karibu nao, yaliyotoa urani iliyotumika katika mabomu ya mwaka 1945. Wakazi wake wana kumbukumbu nyingine. Kwao Likasi ni mji wa kampuni, na kampuni ilikuwa na hospitali.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwishoni mwa miaka ya 1920 iliacha mtindo wa kuwaleta vibarua kwa miezi michache na kuwarudisha kwao, ikaanza kuwaweka wafanyakazi mjini pamoja na wake na watoto wao. Nyumba, posho ya chakula, shule na matibabu vyote vilitoka katika mkono mmoja. Hapana budi kulitazama jambo hili kwa makini, kwa kuwa limeacha alama katika mazungumzo ya tiba hadi leo. Daktari wa kampuni alikuwa na kazi mbili ndani ya kazi moja: kumtibu mtu, na kusema kama mtu huyo anafaa kurudi kazini. Aliyesema mgongo unamuuma alikuwa anatoa ushahidi, na daktari alikuwa hakimu wa ushahidi huo. Katika hali kama hiyo maumivu yasiyo na jeraha yaligeuka kuwa kesi, na mwenye kesi hakuitwa kushauriana.

Baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967, na hatimaye kupewa jina la Gécamines, mtindo huo uliendelea kwa sehemu kubwa. Kilichouvunja ni kuporomoka kwa uzalishaji wenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka; mwaka 1994 haikufikia tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa watu wazima waliokwisha kuinama, kubeba na kugonga kwa miaka ishirini au thelathini. Waliondoka na migongo yao na magoti yao, wakaiacha nyuma hospitali iliyokuwa haki yao ya kazi. Tangu hapo, kwa wengi wao kila kidonge kina bei, na bei hiyo hulipwa na mtu fulani wa nyumbani. Basi hapo ndipo mtu wa tatu anapoingia katika chumba cha daktari, hata kama ameachwa nje ya mlango.

Maumivu ambayo mashine haiyaoni

Kuna magonjwa ambayo uamuzi wake haungojei mazungumzo marefu. Mfupa ukivunjika, hufungwa. Maumivu ya kudumu hayako hivyo. Wataalamu wa tiba huyaita kwa jina hilo yanapozidi miezi mitatu, au yanaporudi rudi kwa muda huo. Aghalabu picha ya eksirei haiyaonyeshi, au huonyesha uchakavu ambao mwingine anao na haumsumbui hata kidogo. Dawa zilizopo hupunguza tu. Parasetamoli mara nyingi haitoshi. Diklofenaki na ibuprofeni, zikinywewa kwa muda mrefu, huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Tramadoli humzoesha mtu hata akashindwa kuiacha. Mazoezi ya mwili husaidia, lakini mtu aliyezoea kwamba tiba ni sindano huyaona kama kufukuzwa.

Kwa hiyo swali la tiba hapa ni la kuchagua hasara. Je, mtu huyu ataka kulala usiku, au ataka kuweza kubeba gunia mchana? Mama anayeosha mawe ya madini mtoni, maji yakimfika magotini, ataacha kazi hiyo, au ataendelea nayo na kumeza vidonge vitakavyomla tumbo? Mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa wa chembe za damu, ule ambao watu wa Kongo huuita SS kwa kifupi, atakimbilia hospitali kila maumivu yaanzapo, au atafundishwa kuyatuliza nyumbani kwanza? Maswali haya hayajibiki kwa vipimo. Jibu lake liko kwa mgonjwa na kwa wale wanaoishi naye. Shirika la kimataifa la wataalamu wa maumivu, lilipotengeneza upya fasili yake mwaka 2020, lilikubali jambo ambalo ile ya mwaka 1979 haikulisema waziwazi: kwamba maelezo ya mtu juu ya maumivu yake yastahili kuheshimiwa. Yaani, lugha ya mgonjwa ndiyo kipimo.

Hapa mhakiki wa fasihi na mwanaisimu wana la kusema. Elaine Scarry, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1985, alidai kwamba maumivu ya mwili huipinga lugha na kuivunja, hata kumrudisha mtu katika vilio visivyo na maneno. Dai hili limenukuliwa mno, na lina ukweli wake, hasa kwa mateso ya gerezani ambayo ndiyo yaliyomshughulisha. Lakini halikubaliki kwa ujumla wake mtu akilipima kwa Kiswahili. Lugha hii ina vitenzi viwili vya kusema kwamba mtu ni mgonjwa. Cha kwanza ni kuumwa, kauli ya kutendwa ya kuuma; mgonjwa ni mtu anayeng'atwa. Cha pili ni kuugua, na kuugua ni kutoa ile sauti ya kifuani, ile ile ambayo Scarry anaiona kuwa ni mwisho wa lugha. Waswahili wamekichukua kilio na kukifanya kitenzi, wakakinyambua: kuugulia, kuuguza, muuguzi. Anayemhudumia mgonjwa ameitwa kwa jina linalotokana na mgumio wa mgonjwa mwenyewe. Ni vigumu kuona lugha iliyovunjika hapo.

Kadhalika upatanisho wa sentensi una maana yake. Kiswahili sanifu husema mgongo unaniuma. Likasi husikika mugongo inaniuma, ngeli zikiwa zimepungua lakini mpangilio ukiwa ule ule. Kiungo ndicho kiima, mtu ndiye yambwa. Mgonjwa hasemi kwamba yeye ana maumivu kama mtu mwenye mali. Asema kwamba mgongo wake unamtenda jambo. Daktari aliyesomea kwa Kifaransa amezoea kuuliza juu ya kitu, la douleur: kiko wapi, kilianza lini, kina ukubwa gani. Swali lake hutafuta nomino, na jibu analopewa ni kitenzi. Tofauti hii si ya kupuuzwa. Mtu anayesimulia kwa kitenzi husimulia tukio lenye wakati, mahali na watu: mgongo unauma anapoinama, unatulia akilala, ulianza mwaka ule alipohamishiwa kazi nyingine. Akilazimishwa kutaja namba kati ya sifuri na kumi, hutaja yoyote ili amridhishe anayeuliza. Namba ina faida yake ikiwa mtu yule yule anaulizwa mara kwa mara na hali zake zikalinganishwa. Kwa kumwelewa mara ya kwanza, haifai kitu.

Mwaka 1975 Ronald Melzack wa chuo kikuu cha McGill alitunga orodha ya maneno ya maumivu ambayo imetafsiriwa katika lugha nyingi. Orodha hiyo ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu ilikiri kwamba neno analolichagua mgonjwa lina habari ndani yake. Mfasiri wa Kiswahili angeikuta hazina iliyo tayari: kuchoma, kusokota, kuwanga, kupwita, kuvuta, kuwaka moto, kufa ganzi, na majina kama kichomi na msokoto. Ni maneno ya kazi za mikono. Tumbo husokota kama kamba. Ubavu huchomwa kama kwa mkuki. Hata hivyo kuyapanga maneno haya katika safu na kumtaka mgonjwa wa Likasi aweke alama ni kusahau kwamba yeye huenda akalichukua neno moja kutoka Kiluba, la pili kutoka Kibemba, la tatu kutoka Kifaransa, na asione kwamba amevuka mpaka wowote.

Sugu, kudumu, na kosa la tafsiri

Istilahi yenyewe ya ugonjwa huu yastahili kuhakikiwa. Vitabu vya afya vya Tanzania na Kenya hutumia neno sugu: ugonjwa sugu, maumivu sugu. Sugu kwa asili ni ile ngozi ngumu inayoota mahali panaposuguliwa mara nyingi, kiganjani au mguuni. Kwa mchimbaji wa shaba sitiari hiyo inafaa kupita kiasi, kwa kuwa sugu anayo kiganjani kabla hajaambiwa kwamba anayo mgongoni. Lakini neno limekwisha kupewa kazi nyingine. Mhalifu sugu ni mtu asiyerekebishika, na mdeni sugu ni asiyelipa. Mgonjwa anayeambiwa kwamba maumivu yake ni sugu anaweza kusikia lawama ndani yake.

Kudumu nalo lina hatari yake. Daktari anapotafsiri chronique kuwa ya kudumu, kwake maana ni kitu kinachoendelea zaidi ya miezi mitatu. Anayemsikiliza husikia kitu kisichokwisha milele. Mmoja ametaja muda, mwingine amepokea hukumu. Na mtu aliyepokea hukumu hana cha kuchagua, anakata rufani tu. Kwa hiyo huondoka akaenda kwa mganga mwingine, kwa mchungaji anayeombea wagonjwa, au kwa muuza dawa wa barabarani. Daktari huandika kwamba mgonjwa hakufuata matibabu. Mtu akitazama vizuri ataona kwamba mgonjwa alifuata kwa uaminifu neno aliloambiwa. Kusema maumivu ya muda mrefu si kuzuri kimtindo, ila ni kweli zaidi, na hapa ukweli upewe nafasi ya kwanza.

Kuamua, kukata, kushauriana

Wazo la uamuzi wa pamoja lilipata sauti katika ripoti ya tume ya rais wa Marekani ya mwaka 1982. Cathy Charles na wenzake wa Kanada walilipa umbo la nadharia mwaka 1997, nao Glyn Elwyn na wenzake waliligeuza kuwa hatua tatu za mazungumzo mwaka 2012: kwanza mgonjwa aambiwe kwamba kuna la kuchagua, kisha aelezwe yaliyopo, hatimaye wafikie uamuzi. Haifai kuwabebesha waandishi hawa makosa yasiyo yao. Makala ya mwaka 1997 yalisema kwamba wahusika ni wawili kwa uchache, na yaliwataja jamaa wa mgonjwa. Hata hivyo jinsi kielelezo kilivyofundishwa baadaye, jamaa amebaki pembezoni, kama msaidizi wa mgonjwa au kizuizi cha siri zake.

John Janzen alikwisha kuandika mwaka 1978, kutokana na utafiti wake kwa Wakongo wa Zaire ya Chini, kwamba mgonjwa hutibiwa na kundi la ndugu linalosimamia safari yake yote ya tiba: ndilo linalopima dalili, linalochagua kwenda hospitali au kwa mganga, na linalolipa. Manianga ni mbali sana na Likasi, na si haki kuyahamisha matokeo hayo kama yalivyo. Likasi ni mji wa watu waliotoka Kasai, Lomami, upande wa Zambia na vijiji vya Wasanga. Ukoo mzima hauko karibu. Mahali pake wanakaa mke au mume, mtoto mkubwa, jirani waliyeishi naye katika kambi moja, wenzake wa kanisani. (Jamaa inayozungumziwa hapa si lile kundi la dini lililoanzishwa na padre Tempels, ingawa hata huko watu walifundishwa kwamba uzima, uzazi na mapendo haviwi vya mtu peke yake.) Muundo wa kundi umebadilika, kazi yake ni ile ile.

Sasa yatazamwe maneno. Uamuzi, ambalo ndilo tafsiri rasmi, latokana na kuamua, na kuamua kwa asili ni kuingia kati ya watu wanaogombana na kuwatenganisha. Mwamuzi wa mpira hachezi upande wowote. Kusema uamuzi wa pamoja, basi, ni kuwataka wachezaji wapulize filimbi. Kukata shauri kuna picha tofauti: shauri ni kitu kirefu, kinavutwa na wengi, hatimaye mmoja anakikata. Kushauri, katika lugha ya hospitali, kumekuwa amri yenye adabu. Daktari amemshauri mgonjwa aache chumvi, na hakuna aliyeulizwa kitu. Ni kushauriana peke yake, kwa kiambishi chake cha kutendana, kunakohitaji kiima cha watu zaidi ya mmoja. Sarufi yenyewe haikubali mtu ajishauriane. Na haiweki kikomo cha watu wawili.

Lakini shauri lina uso wa pili. Shauri yako, kila mzungumzaji anajua, maana yake si kwamba uamuzi ni haki yako. Maana yake ni kwamba anayesema amenawa mikono. Hapo ndipo penye tatizo kubwa la kielelezo kipya kinapofika katika hospitali maskini. Daktari mwenye wagonjwa hamsini mlangoni, aliyefundishwa kwamba siku hizi mgonjwa aachiwe kuchagua, anaweza kutaja dawa tatu na bei zake kisha akanyamaza. Kwa nadharia amemheshimu mtu. Kwa masikio ya mgonjwa amesema shauri yako. Wahakiki wa Ulaya wameionya tiba ya kibaba kwa haki kabisa, na historia ya Union Minière yawaunga mkono. Ila hawakuona kwamba mahali ambapo baba amekwisha kufilisika na kuondoka, kumwachia mtoto achague kwaweza kuwa ni kumtupa kwa mara ya pili.

Lugha mbili, mlango mmoja

De Rooij alionyesha kwamba katika Kiswahili cha Shaba viunganishi vya Kifaransa kama donc, mais na puisque si mapambo. Vinasimamisha muundo wa hoja. Vinamjulisha msikilizaji kwamba hapa pana matokeo, hapa pana kinyume, hapa pana sababu. Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya uchambuzi, kwa kufuata yale yanayojulikana juu ya lahaja hiyo. Mgonjwa asema: Mugongo inaniuma, nakunywaka dawa, inatulia kidogo, kisha inarudia. Daktari ajibu: Donc, tutabadilisha traitement. Mke wa mgonjwa auliza: Lakini docteur, franga itatoka wapi?

Masimulizi yamekwenda kwa Kiswahili, kwa vitenzi, yakiwa na wakati ndani yake. Uamuzi umeingia kwa donc. Neno hilo moja limefunga mlango, kwa sababu linadai kwamba yanayofuata ni matokeo ya yaliyosemwa, na mwenye kusema yale ya kwanza hana budi kuyakubali ya pili. Hakuna aliyeshauriana, kuna aliyehitimisha. Lakini ya mke ndiyo inayoufungua tena mlango huo. Kielelezo cha watu wawili hakina mahali pa kuiweka sentensi ya mke, isipokuwa chini ya kichwa cha vizuizi vya fedha. Kwa uchambuzi huu, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya shauri, kwa sababu ndiyo ya kwanza iliyotaja sharti ambalo tiba yoyote itasimama juu yake.

Si mara ya kwanza watu wa Katanga kufungua mlango uliofungwa kwa maneno. Fabian, katika kitabu cha mwaka 1986, alipitia vitabu vidogo vya msamiati walivyoandikiwa Wazungu, akaona jinsi vingi vilivyojaa amri: leta, fanya, ondoa. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa maboi, aliandika historia ya Elisabethville akaiita Vocabulaire, jina lile lile la vitabu vya mabwana. Ndani yake hamna orodha ya maneno, mna habari za walivyoishi na kutumika. Maandishi yake hayakufuata tahajia wala vituo vya kawaida, hata ilibidi Kalundi Mango ayasome kwa sauti ndipo Fabian aweze kuyatoa mwaka 1990. Faili la mgonjwa laweza kusomwa kwa njia hiyo. Limeandikwa kwa mkato, kwa Kifaransa, na daktari. Lakini chini yake mna masimulizi ambayo hayaeleweki mpaka mtu ayatamke, na anayeweza kuyatamka mara nyingi ni yule aliyelala chumba kimoja na mgonjwa usiku.

Yako pia mabishano ya wasanii wa Mufwankolo. Mwaka 1986 Fabian aliisikia methali, wakati wa kuliwa firigisi ya kuku, isemayo kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Alipowauliza wasanii hao wa Lubumbashi maana yake, hawakukubaliana. Wakaifanya mchezo wa kuigiza, na mchezo wenyewe ukatungwa kwa kubishana, bila mwandishi mmoja. Methali hiyo ni hoja nzito dhidi ya uamuzi wa pamoja, na haifai kuikwepa. Wapo madaktari na wagonjwa wanaoiamini: firigisi ni ya mkubwa, na daktari anayeuliza mgonjwa ataka nini huonekana hajui kazi. Mgonjwa wa namna hiyo hudai aamriwe. Kumlazimisha achague ni kumnyang'anya tiba aliyoijia.

Hata hivyo wasanii wenyewe walionyesha kwamba swali la nani ale firigisi laweza kujadiliwa na watu wote walioketi kwenye sahani. Kwa mgonjwa wa maumivu ya muda mrefu, jambo la kumwuliza huenda si dawa ipi, ambalo hana ujuzi nalo, wala namba ngapi. Ni hili: mugongo ikitulia kidogo, ungetaka kuweza kufanya nini? Swali hilo lamwachia daktari elimu yake ya dawa na kumpa mgonjwa elimu ya maisha yake. Mke naye anaweza kulijibu, na jibu lake likatofautiana na la mumewe, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye nani huamka usiku kumgeuza.

Katika vyumba vingi vya uchunguzi pana viti viwili tu. Msindikizaji huombwa angoje nje, kwa heshima ya siri ya mgonjwa, nayo ni heshima ya kweli ambayo haina budi kulindwa pale mgonjwa anapoitaka. Aulizwe, basi, kama anaitaka. Asipoulizwa, wawili hao hutoka na karatasi mkononi, na kushauriana huanzia barabarani, kati ya hospitali na duka la dawa, ambako daktari hayupo kusema ni kidonge kipi katika vile vitatu kisichofaa kuachwa ghafla.